Mchungaji ameniambia nichague kati ya kanisa na harakati za haki

"Nina umri wa miaka 28. Nimelelewa katika kanisa la kiinjili hapa Mukuru, Nairobi, na kwa miaka sita nimekuwa nikifundisha shule ya Jumapili. Baada ya mafuriko ya mwaka 2024, serikali ilibomoa nyumba za majirani wetu waliokuwa wakiishi kando ya mto. Nilijiunga na vijana wa kituo cha haki za kijamii kuandikisha familia zilizoachwa bila makao, na tarehe 25 Juni nikaandamana nao mjini. Mchungaji alipopata habari alinisimamisha kufundisha. Alinisomea Warumi 13, akasema uanaharakati ni roho ya uasi iliyoletwa na wazungu, kisha akaniambia nichague. Wenzangu wa kituoni nao hunicheka kila Jumapili wakisema kanisa lilinunuliwa zamani. Naamini Yesu yuko upande wa maskini, naamini wanawake wana nafasi sawa katika nyumba ya Mungu, na kwa hayo naitwa Mkristo wa kisasa, kwa kejeli. Je, ninamwasi Mungu? Nihame? Na nitaishije imani hii bila kumwua mama kwa presha? Tangu siku ile ya maandamano silali vizuri."

Dada mpendwa katika Kristo,

Barua yako ina maswali matatu yaliyosukwa pamoja: kama kuandamana ni dhambi, kama ubaki katika kanisa lako au uhame, na namna ya kushika imani na harakati kwa pamoja bila kumwumiza mama wala kujiumiza mwenyewe. Nitayagusa yote, lakini nianze na lile ambalo naona limekunyima amani zaidi. Hapana, hukumwasi Mungu ulipokaa kando ya mto ukiandika majina ya watu waliobomolewa nyumba, wala hukumwasi ulipotembea barabarani bila silaha kuwaambia watawala kwamba mswada wa fedha wa mwaka 2024, wa kuongeza kodi, ungewaumiza wanyonge. Kosa limo katika uchaguzi wenyewe uliowekewa mbele yako, na la ajabu ni kwamba mchungaji wako na wenzako wa kituoni wanakubaliana juu yake kabisa. Pande zote mbili zinaamini kwamba imani ina siku yake na haki ina siku yake. Zinatofautiana tu kuhusu siku iliyo muhimu.

Warumi 13 ndicho kifungu ulichosomewa, basi tukisome vizuri. "Kila mtu na aitii mamlaka iliyo kuu" ni maneno ya Mtume Paulo, na Mkristo hana ruhusa ya kuyaruka kwa sababu yanamsumbua. Ila barua ya Paulo haikuandikwa kwa sura na mistari. Mtu aliyeisikia ikisomwa kule Rumi alisikia kwanza katazo la kulipiza kisasi na agizo la kumlisha adui mwenye njaa, kisha habari za mamlaka na kodi, kisha, bila kituo, agizo kwamba tusiwiwe na mtu chochote isipokuwa kupendana. Mamlaka imetajwa katikati ya mafundisho ya upendo, na imepewa kazi: mtawala, asema Paulo, ni "mtumishi wa Mungu kwako kwa ajili ya mema". Aliyetumwa huulizwa kama ameifanya kazi aliyotumwa, na andiko linalompa mtawala kazi haliwezi kugeuzwa kuwa andiko la kumwondolea hesabu.

Zaidi ya hayo, tazama jinsi Paulo mwenyewe alivyoishi. Alipopigwa hadharani na kufungwa Filipi bila hukumu, na mahakimu wakatuma ujumbe kwamba atoke kimyakimya, alikataa akataka waje wenyewe kumtoa (Matendo 16). Yerusalemu, alipokuwa amefungwa kamba tayari kwa mijeledi, alimwuliza akida kama sheria inaruhusu kumpiga raia wa Rumi ambaye hajahukumiwa (Matendo 22). Baadaye alikata rufaa kwa Kaisari. Huyu ni mtu aliyeitii mamlaka kwa kuibana ifuate sheria yake yenyewe, na ni yeye yule aliyeandika Warumi 13. Waliomtangulia walikwenda mbali zaidi: wakunga wawili wa Kiebrania, Shifra na Pua, walikataa amri ya Farao ya kuua watoto, na Kutoka 1 inasema Mungu akawatendea mema, Petro naye alisema mbele ya baraza kwamba "imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu".

Kuna jambo jingine ambalo mahubiri yetu mengi hulipita. Paulo aliandika chini ya Kaisari, ambaye neno lake lilikuwa sheria. Wewe unaishi chini ya Katiba ya mwaka 2010, ambayo kifungu chake cha kwanza kinasema mamlaka yote kuu ni ya wananchi, na cha pili kinaifanya Katiba yenyewe kuwa sheria iliyo juu ya kila mtu, Rais akiwemo. Kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa amani na bila silaha. Mtu akiuliza leo Kenya ni ipi "mamlaka iliyo kuu", jibu la kisheria linapatikana katika vifungu hivyo. Anayeandamana kwa amani ameitii, na askari anayempiga risasi mtu asiye na silaha ndiye aliyeiasi.

Simtuhumu mchungaji wako kwa nia mbaya, lakini ni vyema ujue kwamba matumizi hayo ya Warumi 13 yana historia yake. Watetezi wa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini walikishika sana kifungu hicho, hata kundi la wanateolojia na wachungaji lililokutana Soweto likalazimika kuyajibu madai hayo katika waraka wa Kairos wa mwaka 1985. Waliyaita teolojia ya serikali, yaani mafundisho yanayolichukua jina la Mungu kuwabariki wenye nguvu na kuwaambia wanyonge watulie. Waliikosoa vilevile ile waliyoiita teolojia ya kanisa, inayohimiza upatanisho kabla ya haki kutendeka. Hiyo ya pili ndiyo ninayoisikia zaidi katika mimbari zetu, na inadanganya kwa urahisi kwa sababu maneno yake ni mazuri.

Sasa nije kwenye dai kwamba mambo haya yameletwa na wazungu. Dai hilo linaniuma, kwa kuwa linafuta kizazi kizima cha wachungaji wa Kenya ambao baadhi yao walitoka katika familia za uamsho zenye msimamo mkali wa wokovu, watu ambao hakuna ambaye angewaita wa kisasa. Mbunge J.M. Kariuki alipouawa Machi 1975, David Gitari, ambaye mwaka huohuo aliwekwa wakfu kuwa askofu wa Anglikana wa Mlima Kenya Mashariki, alitoa mafundisho katika redio ya taifa kutoka Mwanzo 4, akiliuliza taifa swali ambalo Mungu alimwuliza Kaini: "Yuko wapi Habili ndugu yako?" Hakuhitaji kutaja jina la mtu. Uchaguzi wa mlolongo ulipoletwa, ambapo wapiga kura walipanga foleni hadharani nyuma ya wagombea au mawakala wao na foleni fupi ikaweza kutangazwa mshindi, Gitari na viongozi wa Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, waliupinga waziwazi. Aprili 1989 genge lilivamia nyumba yake usiku. Alipanda juu ya paa akapiga kelele, na majirani wakaja.

Nakuomba usipite haraka hapo. Askofu yule hakuokolewa na cheo chake. Majirani na waumini wa vijijini, ambao kwa miaka mingi alikuwa amewatembelea, amewafundisha Biblia na kutetea vipande vyao vya ardhi, walimjua, naye aliwajua. Ndiyo maana wenye nguvu walishindwa kumtenga. Jambo hili ndilo ninalotaka ulibebe kutoka katika jibu langu kuliko lolote lingine: utetezi wa haki unaotokana na imani hupata nguvu na ulinzi wake kutoka kwa watu mahususi wanaokujua kwa jina, na mtetezi anayewaacha watu hao nyuma, hata kwa sababu nzuri, huwa peke yake upesi sana.

Mifano mingine ni mizito zaidi. Askofu Alexander Muge wa Eldoret, aliyekemea unyakuzi wa ardhi na njaa iliyofichwa, alitishwa na waziri mmoja kwamba akikanyaga Busia huenda asirudi akiwa hai. Alikwenda, na akafa katika ajali ya barabarani akirejea, tarehe 14 Agosti 1990. Upande wa Katoliki, Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki wa Nakuru alisimama na waliofukuzwa makwao katika mapigano ya Bonde la Ufa miaka ya 1990, na Padre John Kaiser, mmishonari aliyeishi na wakimbizi wa kambi ya Maela, aliuawa Agosti 2000, kama mahakama ya uchunguzi ilivyoamua mwaka 2007. Mchungaji Timothy Njoya wa Kanisa la Presbiteri, PCEA, alipigwa hadharani zaidi ya mara moja kwa kudai mageuzi ya katiba. Hata huyo Kaiser, aliyekuwa mzungu kweli, alikufa kwa ajili ya mashamba ya wakulima wa Kenya.

Na kwa kuwa umetaja nafasi ya wanawake, wakumbuke akina mama wa wafungwa wa kisiasa. Mwisho wa Februari 1992 walikaa Uhuru Park wakigoma kula, Wangari Maathai akiwa pamoja nao, wakidai wana wao waachiliwe. Polisi walipowavamia kwa marungu siku chache baadaye, baadhi yao walivua nguo, laana ambayo kila Mkenya aliielewa. Kisha wakahamia Kanisa Kuu la Watakatifu Wote la Anglikana, hapo Nairobi, wakaishi katika chumba chake cha chini kwa takriban mwaka mzima, hadi wana wao wengi walipoachiliwa. Kanisa lile halikutoa waraka mrefu wa teolojia siku hiyo. Lilitoa chumba, na likastahimili kuzingirwa na polisi kwa sababu ya chumba hicho.

Nikisimulia haya ni lazima nisimulie na aibu yetu, maana wenzako wa kituoni hawakuitunga hewani. Katika uchaguzi wa mwaka 2007 viongozi wengi wa makanisa walisimama na wagombea wa makabila yao, wengine wakawatabiria ushindi, na moto ulipowaka hawakuwa na sauti ya kuuzima; tarehe 1 Januari 2008 watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret waliteketezwa humo. Februari iliyofuata NCCK ilikiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande. Tangu hapo imetulazimu kuirudisha imani ya watu polepole. Mwaka 2021 Kanisa Anglikana liliwakataza wanasiasa kutumia mimbari zake, na Novemba 2024 Askofu Mkuu wa Katoliki wa Nairobi, Philip Anyolo, aliagiza mchango ambao Rais alikuwa ameutoa katika kanisa la Soweto, Kayole, urudishwe. Wenzako wakisema makanisa mengi yamenunuliwa, wakubalie kwamba yapo yaliyonunuliwa, kisha waulize ni nani aliyewalaza akina mama wale wa mwaka 1992.

Ili uzungumze na mchungaji wako ipasavyo, ni muhimu uelewe hofu yake inatoka wapi. Makanisa mengi ya mitaa ya mabanda yamejengwa kwenye ploti zisizo na hati, na yanasimama kwa sababu chifu na wenye nguvu wa mtaa wameamua kutoyagusa. Bati la paa lilitoka kwenye harambee ya mheshimiwa fulani. Katika benchi moja wameketi mama aliyebomolewa, mwenye nyumba za kupangisha na mke wa askari. Mchungaji wa namna hiyo, hata akiwa mwema, hujifunza kusema mambo ambayo hayamgusi yeyote, na baada ya miaka mingi huamini kwamba ukimya huo ni utakatifu. Utegemezi ndio unaouzaa woga, na woga hutafuta andiko la kujifunika. Ukimwona hivyo utazungumza naye kama mtu aliyebanwa, na huenda ukamsaidia zaidi kuliko ukimwona kama msaliti. Haina maana kwamba alikutendea haki kukusimamisha bila kukusikiliza. Hakufanya vyema, na unaweza kumwambia hivyo kwa heshima.

Kuna dhana nyingine ambayo hukuitaja lakini nahisi inakuja, kwa kuwa huwa ndiyo njia ya maelewano inayopendekezwa kila mara: kwamba kanisa likusanye blanketi na unga, na mambo mengine yaachwe. Huruma ni wajibu, na siku ya mafuriko blanketi huja kabla ya hotuba. Lakini Amosi aliposema "hukumu na itelemke kama maji, na haki kama maji makuu", alikuwa akiwakemea watu wenye ibada nzuri na sadaka nyingi, na mahali alipopataja mara tatu katika sura hiyo ya tano ni langoni, palipoketi wazee kuamua kesi za mashamba na madeni. Alitaka lango linyooke. Kwa Mukuru, lango ni ofisi ya ardhi, ni kwa chifu, ni bunge la kaunti, ni ofisi inayoamua maji yapite wapi. Wewe unajua kuliko mimi kwamba mkaazi wa mtaa wako hununua maji kwa mtungi kwa bei inayomzidi mtu wa mtaa rasmi mwenye bomba nyumbani. Ukimpa ndoo ya bure leo umemtendea wema, na kesho bei inamsubiri palepale.

Mukuru yenyewe inatoa mfano wa kazi iliyo bora. Mwaka 2017 kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalum la mipango, baada ya wakaazi, wakiwemo wanachama wa Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakaazi wa mitaa ya mabanda, kukusanya takwimu nyumba kwa nyumba zikionyesha jinsi maskini wanavyolipishwa zaidi kwa huduma duni. Haikumaliza matatizo, ubomoaji wa mwaka 2021 katika Mukuru kwa Njenga ulifuata, na ule wa kando ya mito mwaka 2024 ukaja. Lakini watu walioketi wakahesabu waliifanya serikali ijibu hesabu, jambo ambalo kelele peke yake haifanyi. Martin Luther King, mchungaji aliyetetea haki za watu weusi Marekani, alipowajibu kutoka gerezani Birmingham, Aprili 1963, wachungaji wanane walioyaona maandamano yake kuwa ya pupa, alieleza kwamba hatua ya kwanza ni kukusanya ukweli, kisha mazungumzo, kisha kujitakasa, ndipo barabara. Daftari lako la majina ya kando ya mto, dada, ni hatua ya kwanza, na nadhani thamani yake huijui bado.

Hebu tulitazame daftari hilo. Mei 2024 serikali iliahidi shilingi 10,000 kwa kila familia iliyoondolewa. Sheria ya Ardhi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inadai ilani ya miezi mitatu kabla ya watu kuondolewa, na ingawa hoja ya serikali kwamba mafuriko yalihatarisha maisha haifai kupuuzwa, nayo inafaa kujibiwa mahali panapostahili, yaani mahakamani na katika vikao vya kaunti. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi husika ijibu ombi ndani ya siku 21. Barua moja yenye heshima, ikiuliza ni familia ngapi za eneo lenu zilizolipwa, ikiambatana na orodha yako, inaweza kuandikwa na watu watano baada ya funzo la Biblia la Jumatano. Haihitaji kibali cha mchungaji. Ila usiyaweke majina ya watu katika barua wala kuyapeleka popote kabla ya kila mmoja kukubali, kwa sababu baadhi yao wanaogopa kuonekana.

Hiyo ndiyo njia ninayokupendekezea: kundi dogo, jambo moja, watu mnaojuana. Wakatoliki wana Tume ya Haki na Amani hadi ngazi ya parokia na jumuiya ndogondogo, na huna sababu ya kuona haya kuwaomba waketi nanyi mara moja wawaonyeshe wanavyofanya kazi. Someni Nehemia 5, ambamo wananchi wanalalamika kwamba wameweka rehani mashamba kwa ajili ya chakula na kodi ya mfalme, na kiongozi anawakabili wakopeshaji hadharani. Profesa Jesse Mugambi, mwanateolojia Mkenya, alihimiza tangu miaka ya 1990 kwamba Afrika baada ya ukoloni imsikilize Nehemia, mjenzi wa kuta zilizobomoka, kama ilivyokuwa ikimsikiliza Musa. Ushauri huo bado una mashiko, hasa kwa mtaa uliobomolewa kwelikweli.

Kuhusu kuhama, sitakupa jibu la mkato. Kubaki kuna gharama: utasemwa kutoka mimbarini, utanyimwa huduma uliyoipenda, na kuna hatari kwamba polepole utajifunza kunyamaza kama wengine. Kuhama nako kuna gharama ambayo vijana wa rika lako huipima kidogo mno. Ukihamia kanisa la mjini lenye mawazo kama yako, utapumzika, na kupumzika ni halali, lakini utakuwa umewaacha watoto wako wa shule ya Jumapili na yule mama wa benchi la nyuma ambaye hana nauli ya kukufuata. Kuacha kanisa kabisa na kubaki na kituo pekee ndilo chaguo linalonitia wasiwasi zaidi. Kituo kinaweza kukupa wakili na wenzi wa barabarani. Sijaona kikimudu kwa muda mrefu kumzika mtu, kumsamehe aliyekosa na kumwombea askari aliyempiga, na mwanaharakati asiyefanya haya hukauka.

Mwelekeo wangu ni kwamba ubaki kwa sasa, kwa masharti. Omba kuonana na mchungaji ukiwa na mzee wa kanisa anayewaheshimu ninyi nyote wawili, umweleze ulichofanya kando ya mto kabla ya kumweleza kuhusu maandamano, na umwombe aje atembee nawe huko siku moja. Wachungaji wengi hubadilika kwa miguu kabla ya kubadilika kwa hoja. Ikiwa atakataa, na dhehebu lenu lina mwangalizi au askofu, ni haki yako kumwandikia. Lakini ukitakiwa kukana hadharani jambo unaloliamini mbele za Mungu, au ukitishiwa, au mtu akiwapelekea polisi habari zako, ondoka bila kuchelewa na bila kujilaumu.

Juu ya jina la Mkristo wa kisasa, ushauri wangu ni usilipiganie wala usilivae. Kwa upande wa wanawake unasimama pamoja na makanisa ambayo hayana sifa ya ulegevu: PCEA ilimweka wakfu Nyambura Njoroge mwaka 1982, na Kanisa Anglikana la Kenya lina maaskofu wanawake tangu 2021, akiwemo Rose Okeno wa Butere. Yapo mambo mengine, kama ya jinsia na mapenzi, ambamo Wakristo waaminifu wanatofautiana vikali, na hulazimiki kuyamaliza yote kabla ya kumtetea jirani yako. Linalokufunga bila mjadala ni kwamba mtu yeyote, hata ambaye kanisa lako linamwona mkosaji, asipigwe, asifukuzwe nyumbani wala asinyimwe dawa. Utakapolazimika kusema neno, anzia hapo.

Nami nikuonye kidogo kuhusu kituo. Uliza fedha zake zinatoka wapi, kama ungeuliza fedha za kanisa. Kupokea posho kwa kazi halali si dhambi, ila posho ikianza kukuamulia ni dhuluma ipi ya kutazamwa na ipi ya kufumbiwa macho, umerudi palepale alipo mchungaji wako na bati lake. Na lugha ya kuwaita watu mende au mbwa, hata wanasiasa waliotukosea, iache kwa wengine. Warumi 12, inayokataza kisasi, haijafutwa na kifungu cha 37 cha Katiba.

Kama utaandamana tena, fanya hivyo kwa akili. Kwa hesabu ya Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu, watu 60 waliuawa katika maandamano ya mwaka 2024, kwa hivyo hofu ya mama si ya kubuniwa. Sheria inawataka waandalizi wamjulishe mkuu wa kituo cha polisi siku tatu hadi 14 kabla. Hakikisha wamefanya hivyo. Usitembee peke yako, andika nambari ya wakili mkononi kwa kalamu, mwachie mtu wa nyumbani saa ya kurudi, na ukiona mawe yanaanza kurushwa au maduka kuvunjwa, ondoka, kwa kuwa wakati huo si maandamano yako tena. Ukikamatwa una haki ya kuambiwa sababu, ya kunyamaza, ya kuzungumza na wakili, na ya kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Ukijeruhiwa, nenda hospitali kwanza, uhifadhi karatasi za daktari, kisha upate nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, na upeleke malalamiko kwa IPOA, mamlaka huru inayochunguza polisi. Kwa haya yote onana na wakili ana kwa ana kabla ya siku yenyewe. Jibu la maandishi kama langu halitoshi. Na watoto wa shule ya Jumapili wasiletwe kamwe kwenye maandamano, hata wazazi wakikubali.

Mama yako usimfiche. Wazazi wa umri wake wanaikumbuka miaka ambayo mtu alichukuliwa usiku na asionekane tena, na ukimya wako unamrudisha huko. Mwambie unachofanya, unakwenda na nani na utarudi lini, na umpe kazi ndani yake ikiwa atakubali: wapo akina mama wanaokataa maandamano lakini wanaokubali kupika chai ya kikao cha Jumatano, na mwishowe ndio wanaojua majina ya wote waliobomolewa. Akisema hapana, mheshimu katika jambo moja, yaani usilale nje bila taarifa, na uendelee na kazi ya daftari ambayo haimtishi. Presha yake ipimwe hospitalini, tofauti na mjadala huu.

Limebaki suala la usingizi, nalo sitaki ulichukulie kuwa dogo. Mtu aliyesikia risasi na kuona watu wakianguka anaweza kwa majuma kadhaa kushtuka kwa kila mlio, kuota yaleyale na kukwepa mahali palipomkumbusha. Mara nyingi hali hiyo hupungua yenyewe. Ikizidi mwezi mmoja, na kwa jinsi ulivyoandika naona imezidi, au ukianza kulewa ili ulale, kukosa hamu ya kila kitu au kuwaza kwamba ingekuwa heri usingekuwepo, tafuta mshauri nasaha au daktari wa hospitali ya umma mara moja, hata leo, usisubiri kuandikiana nami tena. Mfungo na maombi viendelee sambamba na matibabu hayo, na usikubali kuambiwa kwamba kumwona daktari ni kukosa imani. Vituo vingi vya haki hufahamu washauri wanaohudumia waliopitia ghasia bila malipo. Anza kwa kuuliza huko. Na ukikutana na mshauri ambaye kikao chake cha kwanza kinaisha kwa kukutaka utubu kwa kuandamana, mshukuru, toka, utafute mwingine.